Maswali yenu: muziki, mimba na leba

Mwezi huu karibu barua zote zilizonifikia zinauliza kuhusu muziki na ujauzito. Maswali mengine naona yametokana na matangazo ya simuni, mengine yametoka moyoni.

Shikamoo mama mkunga. Mimba yangu ina miezi mitano. Nimpigie mtoto muziki gani ili azaliwe na akili nyingi? (Igoma)

Marahaba mwanangu. Swali hili nimelijibu mara nyingi na nitalijibu tena: muziki wa namna hiyo haupo. Maneno haya yalianza mwaka 1993, jarida la Nature lilipochapisha utafiti mdogo wa Marekani. Wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza Mozart kwa dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo kwenye mafumbo ya maumbo, na ndani ya robo saa faida ikawa imekwisha. Hakukuwemo mjamzito wala mtoto. Lakini mwaka 1998 gavana wa Georgia aliomba fedha za umma ili kila mtoto mchanga apewe muziki, na wafanyabiashara hawajapumzika tangu hapo. Leo unauziwa hedifoni za kufunga tumboni. Usinunue. Fedha hiyo iweke kwenye vifaa vya kujifungulia, na vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki vimeze kila siku.

Huwa naongea na tumbo la mke wangu, na wenzangu hapa mwaloni wananicheka. Mtoto ananisikia kweli? (Kirumba)

Kuanzia karibu mwezi wa sita au wa saba sauti zinamfikia. Ya mama ndiyo inayomfikia kwa nguvu zaidi, kwa sababu inapita pia ndani ya mwili wake mwenyewe. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliona watoto wachanga wakibadilisha mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama badala ya mwanamke mwingine. Kule Finland, mwaka 2013, watoto waliopigiwa wimbo mmoja katika miezi ya mwisho ya mimba waliutambua walipozaliwa, na bado waliutambua wakiwa na miezi minne. Kuutambua wimbo si kuwa na akili zaidi, msichanganye mambo haya. Wewe endelea kuongea na kuimba. Mkeo anakusikia, na mwanamke anayejua kwamba mume yupo naye huingia leba na hofu pungufu. Wanaokucheka waulize kama wamewahi kuwasindikiza wake zao kliniki.

Nina mimba ya miezi saba, nauza nguo Makoroboi. Jirani yangu ana spika mbili kubwa tangu asubuhi hadi jioni. Nizibe masikio kwa pamba? (Mabatini)

Pamba itayasaidia kidogo masikio yako, lakini mtoto haitamlinda. Sauti nyembamba hupungua sana zikipita kwenye tumbo na maji ya uzazi, ila besi hupenya. Jipime hivi: kama unalazimika kupaza sauti ili mteja aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hizo zimeshafika takriban desibeli 85 kwenye kipimo cha ukali wa sauti. Hapo si mahali pa mjamzito kushinda kwa muda wa saa nane kila siku. Na ukihisi besi inatikisa kifua chako, ondoka siku hiyo hiyo. Mwombe jirani azigeuze spika. Asipokubali, nenda kwa viongozi wa soko, nao watambue kwamba wajawazito ni sehemu ya wafanyabiashara wao.

Mtoto ametanguliza matako. Nikiweka simu yenye wimbo chini ya tumbo atageuka?

Hapana. Nenda hospitali ukaonane na daktari.

Ni mimba yangu ya kwanza na naogopa uchungu kuliko kifo. Nimesikia kuna tiba ya muziki leba. Lakini mama mkwe anasema mwanamke anayetoa sauti akijifungua anaaibisha ukoo. (Kisesa)

Ewe wa Kisesa, unaishi jirani na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kwa hiyo nitakujibu kwa kitu unachokijua. Umewaona Bagobogobo, wale wanaocheza na majembe? Jembe linapanda na wimbo, linashuka na wimbo. Udongo haulainiki kwa sababu mtu anaimba, ila mkono hauchoki mapema na kila mmoja anajua pigo linalofuata linakuja lini. Uchungu wa uzazi nao huja na kuondoka kama mawimbi ya ziwa. Muziki hauuondoi. Unakupa mwendo wa kupumua na kitu cha kushika wimbi linapokuja, na hofu ikipungua mwili haukazi misuli dhidi ya kazi yake wenyewe.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliutaja muziki, pamoja na kupumua taratibu, miongoni mwa njia za kumpa nafuu mama mwenye afya aliye kwenye uchungu. Mwongozo huo huo unapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Hilo la pili nalipigania kila ninapopata nafasi. Bado mama zetu wanaachwa peke yao huku ndugu wakikaa getini na chupa ya uji. Ulizia mapema utaratibu wa kituo chako.

Anza sasa. Chagua nyimbo chache za polepole, za mipigo 60 hadi 80 kwa dakika, ziwe kaswida, tenzi au bongo fleva, mradi unazipenda wewe. Zisikilize kila usiku ukiwa umelala kwa ubavu na ukitoa pumzi ndefu, ili siku ikifika mwili uwe umeshazoea. Leba weka hedifoni sikio moja tu. Sikio la pili ni la mkunga, na akikuambia "usisukume" lazima usikie. Ukichoka na simu, izime na uvumishe wimbo mwenyewe kwa sauti nzito, taya likiwa limelegea.

Mkwe wako mheshimu, lakini sauti ya mzazi si aibu. Na wimbo usikucheleweshe nyumbani. Ukiona damu, kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, uso umevimba, chupa imepasuka au mtoto ameacha kucheza, wahi hospitali.

Huku visiwani bibi anayezalisha ana wimbo na dawa ya kuharakisha uchungu. Nitumie? (Ukerewe)

Wimbo wake uimbe naye, ni hazina. Dawa yake usinywe hata kijiko. Dawa hizo zinaweza kukaza mfuko wa uzazi bila kipimo, mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka. Na wewe wa kisiwani panga safari yako kabla ya uchungu kuanza, maana ziwa likichafuka usiku hakuna wimbo utakaokuvusha.

Mke wangu ana wiki sita tangu ajifungue. Halali hata mtoto akilala, analia, anasema hafai kuwa mama. Nimemnunulia redio. (Nyegezi)

Baba, mpeleke hospitali wiki hii. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, ni ugonjwa, si mapepo wala uvivu. Akitamka kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo na usimwache peke yake.

Redio peke yake haitatosha. Kinachosaidia zaidi ni kuimba na watu. London walifuatilia mama 134 wenye dalili hizo kwa wiki kumi, matokeo yakatoka mwaka 2018. Wenye hali nzito zaidi waliokaa kwenye vikundi vya kuimba na watoto wao walianza kupata nafuu mapema kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Gambia nako, vikundi vya wanawake viitwavyo kanyeleng viliimba na wajawazito kwa wiki sita, na huzuni na wasiwasi vikapungua. Sisi tuna kwaya kila mtaa, halafu mzazi tunamfungia ndani siku arobaini! Kina mama wakija kumwona mtoto wasiishie kuacha kanga na sukari. Wakae, waimbe naye.

Nimejifungua njiti, yuko kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, kwa kangaruu. Naruhusiwa kumwimbia?

Ndiyo, mwanangu, ila kwa sauti ya chini kabisa, kama mnong'ono, wimbo mmoja mfupi unaorudiwa, bila simu wala spika. Mwangalie usoni. Akitulia, endelea. Akitanua vidole, akikunja uso, akipata kwikwi au akigeuza kichwa, amechoka, nyamaza na umshike tu. Rangi yake ikibadilika, mwite nesi hapo hapo.