Kabla hujasema ni uvivu, fungua dirisha

Umeuliza kwa nini vijana wako wanasinzia kuanzia saa nane mchana wakati ofisi ina kiyoyozi. Kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa ile ile iliyomo chumbani, hakileti mpya kutoka nje. Watu kumi mkijifungia tangu asubuhi, hewa ya ukaa mnayoitoa inazidi kujaa, kichwa kinakuwa kizito, mtu anasoma sentensi moja mara tatu.

Mtafiti Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwaweka watu wale wale katika ofisi moja, wakawa wanabadilisha hewa bila kuwaambia. Siku ambazo hewa ya ukaa ilifika kama sehemu 1,400 kwa milioni, alama zao za kufikiri na kufanya maamuzi zilikuwa chini kwa nusu hivi kuliko siku za hewa safi kabisa. Nje ni kama 420 tu! Inaniuma mtu anapopewa onyo kwa kosa la chumba.

Ila usizime kiyoyozi, maana joto nalo linachosha akili.

Ofisini kwetu, hapa Dar, tunafungua mlango na dirisha linalotazamana nao kwa dakika kumi, saa nne na saa nane. Pazia linapepea, karatasi tunazikandamiza na vikombe. Dada wa hesabu, aliyekuwa akirudia jumla zake kila alasiri, sasa anafunga daftari kabla ya saa kumi.