Fundi kanibadilishia gitaa, au ni lilelile?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina gitaa la umeme nililonunua ujanani. Bodi yake ni plaiwudi, lina pikapu tatu (zile sumaku zinazodaka sauti chini ya nyuzi), na maandishi ya kichwani yamefutika zikabaki herufi mbili tu. Nililipigia bendi ya shule kwa muda, kisha likanishinda. Vidole viliuma, F ile, noti kadhaa zinazopigwa pamoja kwa kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, haikutoka hata siku moja, na nikipanda juu ya shingo kila noti ilisikika kama nimekosea hata pale nilipojua sijakosea. Nikalitia kwenye begi lake, likalala juu ya kabati miaka na miaka. Majuzi mtoto wa dada yangu alitaka kujifunza, nikalipeleka kwa fundi aliseti ili asianze kwa mateso niliyoyapata mimi. Nilipokwenda kulichukua nililijaribu palepale, nikaona nimepewa gitaa la mtu mwingine. F imetoka! Mtoto mwenyewe hadi leo hajalipata, nalipiga mimi. Mume wangu anasema ni nyuzi mpya tu, mengine ni furaha yangu. Mimi nashuku fundi kabadilisha shingo au pikapu. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, ninunue pikapu bora zaidi sasa, au nitafute gitaa jipya kabisa?
Aliyerudi Kwenye Nyuzi

JIBU: Marahaba, mama. Mmekosa wote wawili, ila mzee wa nyumba kakosa zaidi.

Tuanze na shaka yako, maana ni rahisi kuimaliza. Geuza gitaa utazame skrubu zinazoshika shingo kwenye bodi, kisha tazama vichwa vya sumaku kwenye pikapu. Kutu na mikwaruzo ya zamani unaijua mwenyewe. Kama ipo, hakuna aliyebadilisha kitu. Na kusema kweli, fundi wa kubadilisha shingo kimyakimya bila kukudai mimi sijawahi kumwona.

Sasa nyuzi mpya. Mumeo ana kipande kidogo cha haki: nyuzi zilizokaa begini miaka zimeshika kutu na uchafu, haziimbi na hazitulii kwenye tuni. Lakini nyuzi mpya peke yake zisingekutolea F. Ungezifunga kwenye gitaa lako la zamani likiwa vilevile, ungepata maumivu yaleyale yenye sauti inayong'aa zaidi.

F yako ilikuwa imekwama mahali padogo sana. Mwanzoni mwa shingo, pale nyuzi zinapotoka kichwani, kuna kipande chembamba cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita. Mafundi tunakiita nati. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani mifereji hiyo ikiwa haijachimbwa vya kutosha, kwa sababu kuichimba kunataka mkono na subira, na akizidisha kidogo tu kipande kimeharibika. Basi wanaiacha juu. Uzi ukiwa juu kwenye nati, freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) ndiyo inayoteseka kuliko zote, kwani hapo unaubonyeza uzi karibu kabisa na mahali uliposhikiliwa, na hauna nafasi ya kujinyoosha. F ya kubana inakaa hapohapo, freti ya kwanza, nyuzi zote sita. Walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba F inataka mazoezi. Inataka, sikatai, lakini wapo waliokata tamaa ya muziki kwa sababu ya mifereji ambayo haikupitishwa tupa.

Jipimie mwenyewe. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 3, halafu kwa kidole cha mkono mwingine uguse uzi huo juu ya freti ya 1. Unatakiwa usikie mguso mdogo mno, kijisauti cha uzi kugonga chuma, na mwanya uwe mwembamba kiasi kwamba unauona tu ukiinamisha kichwa upande wa mwanga. Fanya hivyo kwa nyuzi zote. Ukiona mwanya mkubwa, mifereji iko juu. Usipoona mwanya wowote, fundi kazidisha, na ukipiga uzi huo bila kuubonyeza utavuma. Kwa jinsi F ilivyokutoka, nadhani fundi wako kapatia.

Kazi ya pili kaifanya ndani ya shingo, na hiyo huioni. Seti ya kawaida ya nyuzi inayoanzia 010, yaani uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.010, huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, mchana na usiku, hata gitaa likiwa begini. Mbao haziwezi kustahimili hilo peke yake, ndiyo maana ndani ya shingo kumepitishwa fimbo ya chuma inayokazwa na kulegezwa. Thaddeus McHugh, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson, alipata hataza ya fimbo ya aina hiyo mwaka 1923, kabla gitaa la umeme halijawa bidhaa ya madukani. Ukiikaza, shingo inanyooka au hata kubinuka nyuma. Ukiilegeza, nyuzi zinaivuta ipinde mbele. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa, kwa sababu uzi ukitikisika unachora tumbo katikati na unahitaji nafasi ya tumbo hilo. Ukibana freti ya 1 na ile iliyopo shingo inapokutana na bodi, mwanya kwenye freti ya 7 au ya 8 uwe kama milimita 0.2 hadi 0.3. La kwako, kwa miaka yote ya kukaa juu ya kabati, bila shaka lilikuwa limepinda kama upinde, na nyuzi za katikati zikawa mbali na vidole.

Baada ya hapo ndipo kimo cha nyuzi kinapopangwa kule kwenye brija, kile kipande cha kwenye bodi kinachobeba ncha ya pili ya nyuzi. Mpangilio huo ni muhimu: shingo kwanza, brija baadaye. Wengi waliopenda kujitengenezea wameshusha brija hadi chini kabisa ili kutibu shingo iliyopinda, wakashangaa kwa nini huku juu nyuzi zinagonga freti na huku chini bado ni ngumu. Kwenye freti ya 12 wapigaji wengi hupenda uzi mnene uwe kama milimita 2 juu ya freti na uzi mwembamba kama 1.6. Anayecharaza kwa nguvu aongeze kidogo.

Nakuja kwenye lile la noti kukosea wakati hujakosea. Hilo limeniuma, maana ndilo linalomfanya mtu aamini hana sikio. Sikio ulikuwa nalo! Freti ya 12 iko nusu ya safari ya uzi. Kwenye gitaa la umbo la Stratocaster, ambalo nadhani ndilo mama wa lako kwa zile pikapu tatu, urefu wa msingi wa uzi, kutoka nati hadi brija, ni milimita 648, kwa hiyo freti hiyo iko milimita 324 kutoka kwenye nati. Hesabu nzuri, ila kidole kinapobonyeza uzi kinauvuta pia, na noti inapanda. Ili kufidia, brija inarudisha kila uzi nyuma kidogo, mnene zaidi kuliko mwembamba. Magitaa ya Telecaster ya miaka ya 1950 yalikuwa na vikalio vitatu tu kwenye brija, yaani vipande vidogo ambavyo nyuzi hulalia, nyuzi mbilimbili kwa kila kimoja, basi fundi alilazimika kuzipatanisha kama wake wenza. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 kila uzi ulipewa kikalio chake na skrubu yake. Mwaka huohuo Gibson nao walikuja na brija yao ya vikalio sita.

Fundi wako alichofanya ni hiki: kapiga uzi huku ameugusa tu juu ya chuma cha freti ya 12, ukatoa ile sauti nyembamba kama kengele, kisha kaubonyeza palepale na kulinganisha kwa mashine ya kutuni. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, kikalio kinarudishwa nyuma. Ikiwa chini, kinasogezwa mbele. Nyuzi sita, kila moja kivyake, na kila ukisogeza lazima utuni upya. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyokurudishia sikio lako.

Kuhusu pikapu: usinunue. Walau si sasa. Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mizunguko. Haina kinachochakaa kwa kupigwa. Pikapu nyingi zinazotupwa kwa kuitwa mbovu zilikuwa zimewekwa vibaya tu. Ikiwa karibu mno na nyuzi, sumaku inauvuta uzi na noti inayumba, hasa nyuzi nene kwenye pikapu ya upande wa shingo. Ikiwa mbali, sauti inakosa nguvu. Bonyeza freti ya mwisho kabisa upime umbali kutoka uzi hadi pikapu: milimita 2 hadi 3 ni pa kuanzia, halafu sikio liamue. Skrubu mbili za pembeni ndizo zinazopandisha na kushusha, bisibisi tu inatosha.

Na gitaa jipya? Nitasema ninavyoamini, wapenda mbao wanisamehe: kwenye gitaa la umeme, shingo iliyotulia na freti zilizosawazishwa zina uzito kuliko bodi ni ya mti gani. Plaiwudi iliyosetiwa vizuri naichukua asubuhi kabla ya mti wa fahari ulioachwa kama ulivyotoka kiwandani. Baki nalo. Rudi kwa fundi huyo umwombe namba alizoacha: unene wa nyuzi, mwanya wa shingo, kimo kwenye freti ya 12. Ziandike kwenye karatasi uitie begini, maana siku likibadilika utajua limebadilikia wapi. Na mtoto wa dada yako mtafutie la kwake, kwa sababu hilo sioni ukimpa.

SWALI: Fundi, naweza kukaza fimbo ya shingo mwenyewe? Na nilipeleke kusetiwa kila baada ya muda gani?
Mwenye Bisibisi

JIBU: Unaweza, ukiwa na ufunguo unaoingia sawasawa. Ufunguo uliolegea unakula pembe za kichwa cha fimbo kinachozungushwa, na hapo umejinunulia kesi. Zungusha robo mzunguko, si zaidi, tuni, pima, uache gitaa litulie kabla ya kuongeza. Ikigoma, iache, usishindane nayo.

Muda hauna kanuni. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, kwa hiyo shingo husogea majira yanapobadilika. Gitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukibadilisha unene wa nyuzi, kwa mfano kutoka 009 kwenda 011, au ukishusha tuni nzima, mvuto unabadilika na lazima lisetiwe tena. Vinginevyo, likikutii liache.

SWALI: Nimeseti gitaa langu, lakini uzi wa pili kwenye freti ya 5 bado unavuma. Freti nyingine zote safi. Fundi anasema nilete tena, mimi naona ananizungusha.
Mwenye Mashaka

JIBU: Hakuzungushi. Kuseti hakutibu freti mbovu. Ukibonyeza freti ya 5 na uzi unavuma, ama ya 5 imelika ama ya 6 imenyanyuka. Chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka, kiweke juu ya freti za 5, 6 na 7 kwa pamoja, chini ya uzi huo. Kikicheza huku na huku, ya katikati iko juu. Wakati mwingine imefumuka tu kwenye mfereji wake na hugongwa ikarudi. Isiporudi itapigwa msasa na kuviringwa upya. Mwachie yeye, na umwulize kwanza kama atagusa freti moja au zote, kwa sababu bei na kazi havilingani.

SWALI: Nikigeuza kitufe cha sauti gitaa linakwaruza kama redio iliyopotea stesheni. Ni pikapu?
Bila Jina

JIBU: Si pikapu, ni vumbi na kutu ndani ya kitufe. Tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, isiyoacha mafuta, ipenyeze ndani kupitia kijitundu cha kasha lake na ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Isipokoma badilisha kitufe, si kitu cha gharama. Na ukiwa umeshafungua, bana kidogo ule ulimi wa chuma ulio kwenye tundu la waya: ukilegea, sauti inakatika unaposogea.