Mkuu, weka chini hiyo chupa ya mafuta

Simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne kuhusu hiyo kamera ya lenzi mbili uliyonunua ya mtumba: filamu gani uanze nayo, inapakiwaje, mbona picha kwenye kioo cha juu inageuka kushoto kuwa kulia, na mwishoni kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, ukadokeza kwamba shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga, inaganda kwenye spidi ya sekunde 1 na jioni utatia "tone moja tu" la mafuta ya cherehani. Hayo matatu yatasubiri.

Mimi nililitia hilo tone.

Dalili zangu zilikuwa hizo hizo zako. Spidi ya 1/250, yaani shata kukaa wazi sehemu moja ya 250 ya sekunde, inalia vizuri, ukishuka chini ya 1/15 inasuasua, sekunde 1 shata inafunguka halafu inabaki imeduwaa. Aliyeniuzia, fundi wa mdomo yule, akasema "imekaa sana tu, ilainishe". Nikalainisha, na ikapona! Siku mbili nilitembea kama mtengeneza saa. Siku ya tatu nikapiga roli nzima, picha 12, nyingi za bibi yangu aliyekuwa anasafiri kesho yake. Negativi zikatoka nyeusi tii, mwanzo mpaka mwisho. Nilimwambia bibi ni picha za usiku.

Kilichotokea ni hiki. Vile vibamba vyembamba vya shata vinatakiwa viwe vikavu kabisa. Vikipata mafuta vinagandana, havifungi kwa wakati, mwanga unamwagika kwenye filamu, na negativi iliyojaa mwanga hutoka nyeusi. Na kumbe tatizo halikuwa kwenye vibamba hata kidogo! Spidi za chini zinaendeshwa na vigia vidogo kama vya saa, na grisi yake ya miaka mingi ndiyo imekauka. Spidi za juu hazivihitaji sana, ndiyo maana muuzaji anakufyatulia 1/250 mbele ya macho yako huku anatabasamu. Angenionyesha sekunde 1, ningeondoka na hela yangu.

Baya zaidi, huoni kitu. Unatazamia lenzi ya juu, safi kama maji, wakati picha inapigwa na ya chini, ambayo kwangu mafuta yalikuwa yameshatambaa mpaka kwenye apacha, lile tundu la kupimia mwanga, na kuacha ukungu ndani. Fundi wa kweli alivua lenzi akaosha shata yote. Bili yake ilizidi bei ya kamera. Sitaji kiasi, mke wangu anasoma humu.

Kwa hiyo hakuna tone. Iwe Rolleiflex, Yashica au Seagull, HAKUNA TONE. Fungua mlango wa nyuma bila filamu, elekeza kamera dirishani, chungulia kwa nyuma kupitia lenzi ya chini, fyatua spidi moja moja. Zinazofunga sawasawa ndizo zako kwa sasa. Jua likiwa kali, filamu ya ISO 100 (hiyo namba ni wepesi wake wa kunasa mwanga) inataka apacha ya f/16 kwa spidi ya 1/125, au f/11 kwa 1/250, wala hutazihitaji hizo zilizoganda mpaka upate hela ya fundi. Filamu yenyewe ni ya namba 120, usije ukanunua ya 35mm.

Na kama umeshatia, usiifyatue tena, wala usichokonoe na pamba. Umeshatia? Jibu basi, mkuu.