Jibu: Usipige lipu ya saruji kwenye nyumba ya Mji Mkongwe

Ndugu mleta mada, mwambie fundi wako asishushe hata mfuko mmoja wa saruji. Umeandika kwamba nyumba ya urithi mliyoachiwa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, imekaa mahame kwa miaka mingi, kuta zimelowa, na fundi ameshauri lipu yote ya zamani ibanduliwe, ipigwe ya saruji nje na ndani, kisha zege limwagwe juu ya boriti "ili kazi iwe ya mara moja". Umeuliza pia kuhusu kibali. Nitaanza na saruji, kwa kuwa ushauri huo nilipewa mimi neno kwa neno, na hiyo "mara moja" naendelea kuilipia hadi leo.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na kuta zake ni nene kwa sababu hazina nguzo wala nondo. Ukuta wenyewe ndio unaobeba kila kitu. Jiwe la matumbawe lina matundu, hunyonya maji ya ardhini na ya mvua pamoja na chumvi, na lipu ya chokaa huyaachia maji hayo yatoke taratibu kama mvuke. Saruji huyafungia ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na huko juu ndiko zilikochomekwa ncha za boriti.

Mkandarasi wangu, ambaye sifa yake yote ilikuwa maghorofa ya matofali nje ya mji, alinitazama kwa huruma nilipomuuliza habari za chokaa, akasema hayo ni mambo ya wazee ambao hawakuwa na saruji. Aliyasema hayo akiwa amesimama chini ya dari ambayo wazee hao waliiweka kabla babu yake hajazaliwa, na ambayo ilikuwa haijamwangukia mtu. Akabandua lipu, akapigilia wavu wa waya, akapiga saruji, akapaka rangi ya mafuta, akachukua fedha zake. Nyumba ilipendeza mno, na watu walikuja kupiga picha mlangoni.

Masika yaliyofuata rangi ilivimba, kisha ukaanza kutoka unga mweupe kuanzia usawa wa magoti hadi juu ya madirisha. Jirani aliniuliza kwa adabu kama nimefungua kiwanda cha chumvi, nami nikamjibu kwamba pilau la mtaa mzima lingekolea bila kwenda dukani. Mzaha uliisha lipu ilipoanza kudondoka vipande vizima vikiwa vimeng'ang'ania ngozi ya jiwe la zamani, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, na inapoachia huondoka na kitu. Fundi mzee wa chokaa niliyemwita baadaye alichukua bisibisi, akaisukuma kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani, ikazama hadi kwenye mpini bila yeye kukunja uso. Alipoichomoa ulitoka unga wa kahawia uliolowa, na juu ya boriti hiyo lilikuwa limelala lile zege la "mara moja".

Sakafu ya asili ya chokaa na kokoto nayo ni nzito, lakini boriti za mikoko na kuta zilizoea uzito huo zikiwa kavu. Zege jipya juu ya mbao zilizooza lilisukuma ukuta wa ghorofani ukatokeza kuelekea uchochoroni, ikabidi tuuegemeze kwa mirunda huku wapita njia wakinisema, na walikuwa na haki. Hata Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 huko huko Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Ukuta wa aina hii hautoi notisi ndefu.

Kwa hiyo anza na paa. Ziba mabati, rekebisha michirizi na mabomba ya mvua, ng'oa miche iliyoota kwenye nyufa, kisha uache ukuta ukauke bila kuuvika chochote, hata kama ndugu zako watalalamika kwamba fedha zimekwenda na nyumba bado ni chafu. Ikiwa tayari ipo saruji iliyopigwa zamani, iondolewe kwa tindo ndogo na mkono wenye subira, si kwa mashine. Halafu mtafute fundi anayezima chokaa kwa maji mwenyewe na kuiacha iive kwenye pipa kabla ya kuitumia, anayepiga lipu tabaka nyembambanyembamba na kufunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe kwa pupa. Akikwambia atachanganya "saruji kidogo tu ishike", mpe nauli aende.

Kibali kaombe kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa jiwe, maana eneo hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Wakati unasubiri, panda juu na bisibisi, uchome kila ncha ya boriti upande unaopigwa na mvua, kisha uweke hapa picha za zile zinazoingilika, nami nitamwonyesha yule mzee.