Mwanachuo aliyekulia makaoni: anza na mdhamini

Maombi ya mkopo yanapofunguliwa katikati ya mwaka, simu yangu huanza kuita. "Shikamoo anti, samahani, naomba uwe mdhamini wangu." Wengi wamekulia kwenye makao ya watoto, wengine kwa walezi wa kambo, na fomu ya Bodi ya Mikopo inataka mdhamini mwenye picha, kitambulisho na saini. Mwenye mjomba humaliza jambo hilo asubuhi moja. Huyu anabisha hodi kwa watu baki.

Kwa hiyo ukitaka kumsaidia, kabla ya mfuko wa mchele fikiria karatasi. Anayeomba kama yatima hutakiwa kuonyesha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Wengi hawana: kifo hakikusajiliwa, au mzazi hajulikani alipo. Mambo hayo hayamaliziki wiki ya mwisho. Nenda naye kwa afisa ustawi wa jamii akiwa bado kidato cha sita. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na nimeona vijana wakivuka hapo wanavyoanza kuzungushwa.

Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, likiingia, usimhubirie. Makaoni chakula kinapikwa, sabuni inagawiwa. Hela nyingi kwa mkupuo angezizoea wapi? Mimi huwashauri waelewane na mama ntilie mmoja, wamlipe ya mwezi mzima, ndipo mambo ya simu mpya yafuate. (Simu mpya itanunuliwa tu, tusidanganyane.)

Tabu yenyewe ni likizo ndefu. Wenzake wanabeba mabegi kwenda Stendi ya Magufuli, yeye anaulizwa, "Kwenu unaenda lini?" Makaoni kitanda chake kimeshapata mtoto mwingine, na chumba cha kupanga Sinza au Mabibo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Hapo ndipo wengine huishia kulala kwa mtu yeyote anayewakubali, na kwa mabinti hasa gharama yake mnaijua.

Kama una godoro la ziada, mwambie mapema, mwezi wa tano hivi, asikae na wasiwasi hadi mitihani iishe. Akija mpe ufunguo. Aingie zamu ya vyombo kama wanao, lakini usimgeuze dada wa kazi. Wageni wakiuliza, ni mwanao anayesoma chuo. Habari za makao atasimulia mwenyewe akitaka.