Ukitaka "Speechless" iimbwe harusini kwako

Mimi na mwenzangu huimba kwenye sherehe za harusi, na maharusi wanaopenda muziki wa kantri hutuomba mara kwa mara tuwaimbie "Speechless" wa Dan + Shay, waimbaji wawili wa Nashville, Marekani. Naupenda sana wimbo huu, na kwa sababu hiyo huumia moyo nikiona umewekwa wakati wa kukata keki au wa watu kupakua chakula.

Dan Smyers na Shay Mooney walioa wote wawili mwaka 2017, kisha wimbo ukatoka mwaka 2018 pamoja na video yenye picha za harusi zao wenyewe, na mwaka 2020 ukawapa tuzo ya Grammy. Hata hivyo, ukiyasikiliza maneno yake, hautaji ndoa popote. Kuna mwanamume anayesubiri chini ya ngazi, mwenzake yuko ghorofani bado anajitengeneza nywele, na harufu ya manukato inamfikia kabla hajamwona; akishamwona, anakosa la kusema. Kwa hiyo mahali pake hasa ni pale bibi harusi anapoingia ukumbini na bwana harusi anamngoja mbele.

Ubeti wa kwanza huimbwa kwa utulivu, na nguvu yote imewekwa kwenye kiitikio. Ninachowashauri maharusi ni kwamba wasimamizi na wapambe waingie kwa wimbo mwingine, halafu ubeti uanze bibi harusi akiwa bado nje, na mlango ufunguliwe kiitikio kinapopanda. Wimbo una dakika tatu na nusu hivi, na mwendo wa bibi harusi katika kumbi zetu huwa wa polepole mno, basi ni heri waimbaji wa papo hapo wanaoweza kurudia kiitikio mpaka afike, kuliko rekodi itakayokatika akiwa katikati ya ukumbi.

Kwa wanaoimba wenyewe, jambo la kuangalia ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbiwa. Shay, anayeongoza, ana sauti ya juu sana ambayo wanaume wengi hawaifikii bila kupiga kelele. Shusheni ufunguo hadi kiitikio kiimbike kwa raha, wala msione haya. Sauti ya pili, ambayo ndiyo kazi ya Dan, ikae chini ya ile ya kwanza na kuishikilia. Sisi hujifunza kila sauti peke yake, kama tulivyozoea kwaya, ndipo tunaziunganisha bila kinanda, kwa sababu kinanda huficha mahali tunapopishana.

Vigelegele vikilipuka, viacheni, ni haki ya akina mama. Mshereheshaji, kwa upande wake, aombwe mapema asiseme chochote kwenye kipaza sauti mpaka bwana harusi aushike mkono wa mkewe.