Gimlet yako inakosa shira

Mkuu, umeuliza kwa nini Gimlet yako, kile kinywaji cha jini na ndimu, inatia meno ganzi wakati umefuata maelekezo: jini, ndimu mbili za kukamua, sukari kijiko. Nimesimama kaunta ya hoteli huku Unguja muda mrefu na swali hili nalijua. Ulichotengeneza kinanyweka, ila si Gimlet. Gimlet inataka shira ya ndimu, yaani ndimu iliyolala na sukari.

Chanzo chake ni meli za Waingereza, ambako kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kiliua mabaharia wengi kuliko mizinga. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa kwenye meli ya Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa na malimao ndio walioinuka, na ndani ya siku 6 mmoja wao alishaweza kurudi kazini. Pamoja na hayo, wakubwa wa jeshi la majini walisubiri hadi 1795 ndipo wakaanza kugawa maji ya limao. Karne ya 19 wakabadili, wakachukua ndimu za makoloni yao ya Karibi. Walijipunja wenyewe, maana ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limao.

Kilichobaki ni namna ya kuyatunza maji hayo yasiharibike. Mwaka 1867 Lauchlan Rose wa Leith, Scotland, alipata hataza ya kuyahifadhi bila pombe, akayauza yakiwa na sukari. Mwaka huohuo sheria ikazibana meli za biashara zibebe maji ya ndimu. Mabaharia wa kawaida walipewa ramu, maofisa wakipenda jini, hasa ya Plymouth, na chupa ya Rose ilikuwa humohumo melini. Ile hadithi kwamba jina lilitoka kwa daktari Gimlette wa jeshi la majini, aliyewapa maofisa ndimu kwa ujanja, ni tamu kusimulia, ila haina ushahidi.

Kitabu cha hoteli ya Savoy, London, cha 1930 kinasema nusu jini, nusu Rose. Kwangu mimi hiyo ni kashata ya kunywa.

Shira tengeneza mwenyewe. Chukua ndimu 10, zioshe, kwaruza ganda la kijani tu kwenye kikwaruzio chenye matundu madogo. Ukiona weupe, geuza upande, huo ndio uchungu wenyewe. Ndimu zetu zina ganda jembamba, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Changanya na sukari gramu 200, finyanga kwa vidole mpaka sukari ilowe na kugeuka kijani, funika ilale hadi asubuhi. Kisha kamua ndimu zilezile, mimina maji yake kama mililita 200, koroga bila kuweka motoni, chuja. Kwenye friji inakaa wiki moja bila wasiwasi.

Glasi moja: jini mililita 60, shira 25. Tikisa na barafu nyingi mpaka chombo kigande ukungu nje na vidole viume, chuja kwenye glasi iliyopozwa. Barafu ikiwa kidogo itayeyuka haraka, utapata maji ya ndimu.

Na ukitaka kutumia Konyagi badala ya jini: ina pombe asilimia 35, jini nyingi zinaanzia 37.5. Inakubali, ila punguza shira iwe 20, la sivyo utamu unaifunika.